apt imeshaweka python3-gi, venv haiioni. Kuwasha system-site-packages ni dawa au sumu?

#1 Pweza_Buluu (mleta uzi)
Wakuu salaam. Mashine ni Ubuntu 22.04, kazi ni programu ndogo yenye dirisha la GTK na grafu ndani yake. Hatua hadi sasa:

sudo apt install python3-gi gir1.2-gtk-4.0

Kisha nimeunda venv (mazingira ya Python yaliyojitenga kwa mradi mmoja), nimeiwasha, nikajaribu:

python -c "import gi"
ModuleNotFoundError: No module named 'gi'

Nje ya venv amri hiyohiyo inapita kimya. Nimefungua env/pyvenv.cfg, mstari wa include-system-site-packages = false nikaugeuza kuwa true. Sasa kosa limebadilika:

ImportError: cannot import name '_gi' from partially initialized module 'gi' (most likely due to a circular import) (/usr/lib/python3/dist-packages/gi/__init__.py)

Maswali mawili. Kwanza, hili la pili linatoka wapi? Pili, kufungulia vifurushi vya mfumo ndani ya venv ni jambo la kufanya au ndiyo tunajichimbia kaburi?

#2 KaziNaBash
Circular import maana yake una faili lako linaitwa gi.py kwenye folda ya mradi. Python inaliokota hilo kabla ya lile la kweli. Libadilishe jina, futa __pycache__, umemaliza.

#3 DebianDamu
Hapana, mkuu #2. Soma njia iliyo mwishoni mwa kosa: /usr/lib/python3/dist-packages/gi/__init__.py. Lingekuwa faili lake ungeona /home/kitu. Python imelifikia gi la kweli, ikakwama ndani yake.

#4 Chuma_Ulete
Tatizo ni kugeuza pyvenv.cfg kwa mkono. Kile ni kiraka. Futa folda yote uanze upya:

python3 -m venv --system-site-packages env

Swichi hiyo inaweka mambo mengi wakati wa kuunda, siyo mstari mmoja tu.

#5 bintiKernel
Ni mstari mmoja tu. Moduli ya site inasoma pyvenv.cfg kila Python inapowaka, ikikuta true inaongeza folda za mfumo mwishoni mwa sys.path (orodha ya folda Python inamotafuta moduli), ikikuta false inaziruka. Hakuna kinachonakiliwa wakati wa kuunda. Ndiyo maana kosa la mleta uzi lilibadilika papo hapo bila kujenga upya.

Mleta uzi, leta majibu ya hizi mbili ukiwa ndani ya venv:

python -c "import sys; print(sys.version_info[:2], sys.base_prefix)"
ls /usr/lib/python3/dist-packages/gi/*.so

#6 Pweza_Buluu
(3, 12) /usr
_gi_cairo.cpython-310-x86_64-linux-gnu.so
_gi.cpython-310-x86_64-linux-gnu.so

Python 3.12 imetoka kwenye PPA ya deadsnakes (hazina ya apt ya nje yenye matoleo mengine ya Python).

#7 bintiKernel
Basi jibu la swali la kwanza hilo hapo. Python ya Ubuntu 22.04 ni 3.10, na kila kilichokompailiwa ndani ya python3-gi kimekompailiwa kwa 3.10. Jina la faili la .so (msimbo uliokompailiwa) linasema lenyewe: cpython-310. Venv yako ni 3.12, inatafuta _gi.cpython-312-kadhaa.so, haioni kitu.

Kwa nini basi inakuambia circular import? gi/__init__.py ikianza kusomwa inaomba `from . import _gi`. Faili la 312 halipo. Python inageukia moduli gi iliyo mkononi, ambayo bado haijamaliza kupakiwa, inaikuta haina _gi, basi inakisia kuwa mnaitana kwa mduara. Ni kisio, na hapa limekosea.

Angalia na jina la folda: /usr/lib/python3/dist-packages. Hakuna namba ndogo, ni python3 tu. Kwa hiyo Python yoyote ya 3 iliyojengwa kwa desturi ya Debian na makao yake /usr, ikiwemo hiyo ya PPA, inaiona folda hiyohiyo. Vifurushi vilivyoandikwa kwa Python tupu (six, requests) vitafanya kazi. Vyenye .so ya namba maalumu vitagoma. Vyenye .abi3.so vinapita kwa sababu hivyo havifungwi na toleo moja. Hapo ndipo penye utelezi: mazingira yanafanya kazi nusu, unaamini yako sawa.

Ungetumia Python ya pyenv au uliyojijengea ukaiweka /usr/local, usingeona chochote cha apt hata ukiwasha swichi mara kumi. Kwao neno "mfumo" lina maana ya folda zao wenyewe.

#8 KaziNaBash
Sawa, nimekubali. Ujumbe wenyewe wa Python ndio ulionilisha matango pori.

#9 Mkongojo
Vijana mnashangaa swichi hii kama kitu kigeni. Zamani ilikuwa kinyume. virtualenv ilikuwa inaona vifurushi vyote vya mfumo bila kuombwa, na aliyetaka kujitenga ndiye aliyeandika --no-site-packages. Toleo la 1.7, mwaka 2011, ndilo lililogeuza kibao. Kisha venv ikaingia ndani ya Python yenyewe kuanzia 3.4, ikarithi msimamo huo.

#10 DebianDamu
Marekebisho kidogo kwa mzee: venv iliingia na Python 3.3 mwaka 2012, kwa PEP 405. Kilichokuja na 3.4 ni ensurepip, yaani venv kuzaliwa ikiwa na pip (kisakinishi cha vifurushi vya Python) ndani. Kwa Debian na Ubuntu kipande hicho wamekitenga, ndiyo maana bila `apt install python3-venv` (au python3.12-venv kwa hiyo ya PPA) unapata venv nusu mfu.

#11 Mkongojo
Napokea. Umri nao.

#12 Nyundo3
Mimi nasema sumu. Ukishafungulia mfumo, venv yako si ya kujitenga tena, na ukihamisha mradi mashine nyingine hakuna anayejua kilichokuwa kinatumika. Baki na 3.12, kompaili PyGObject (ndiyo hiyo gi yenyewe) humohumo ndani:

sudo apt install gcc pkg-config libcairo2-dev libgirepository1.0-dev python3-dev
pip install PyGObject

Dakika chache imeisha.

#13 bintiKernel
Nyundo3, amri hizo kwenye 22.04 zitagoma mara mbili.

Mara ya kwanza: python3-dev inaleta vichwa vya C vya 3.10. Venv ni 3.12, kwa hiyo inahitajika python3.12-dev, la sivyo utakutana na Python.h haipo.

Mara ya pili: PyGObject kuanzia 3.52 inataka girepository-2.0, ambayo imo ndani ya GLib 2.80 kwenda mbele. 22.04 ina GLib 2.72. Utasomewa "Dependency 'girepository-2.0' is required but not found" na hakuna kifurushi cha apt cha kukuokoa kwenye toleo hilo la Ubuntu. Hata Debian 12 ni hivyohivyo. Dawa ni kufunga toleo:

pip install "PyGObject==3.50.0"

Kwenye 24.04 unaweka libgirepository-2.0-dev na toleo jipya linakubali.

#14 Kaka_Kamera
Na hata ukifaulu kuikompaili, hujajitenga chochote. PyGObject ni daraja tu. GTK yenyewe, faili za .typelib zilizo /usr/lib/x86_64-linux-gnu/girepository-1.0, vyote bado vinatoka apt. Ukifuta gir1.2-gtk-4.0, gi.require_version('Gtk', '4.0') inaanguka uwe na venv ya dhahabu. Sasa unajitenga na nani?

#15 Nyundo3
Angalau requirements.txt, orodha ya vifurushi vya pip vya mradi, inasema ukweli.

#16 Kaka_Kamera
Inasema nusu ya ukweli. Hiyo orodha ya apt uliyoandika hapo #12 iko wapi ndani ya requirements.txt?

#17 Chuma_Ulete
😂😂 Nyundo imegonga kidole.

#18 Pweza_Buluu
Asanteni. Nimefuta venv, nimeunda nyingine:

/usr/bin/python3.10 -m venv --system-site-packages env

gi imekubali. Grafu nachora kwa python3-matplotlib ya apt, nayo ilikuwa inakubali. Kisha nikafanya `pip install pandas` na matplotlib ikaanguka:

A module that was compiled using NumPy 1.x cannot be run in NumPy 2.2.6 as it may crash
AttributeError: _ARRAY_API not found
ImportError: numpy.core.multiarray failed to import

Sijagusa numpy wala matplotlib.

#19 Nyundo3
Nilisema sumu.

#20 DebianDamu
Hukugusa wewe, pip imegusa. Mtiririko wake ni huu. numpy ya apt kwenye 22.04 ni 1.21.5. pandas ya sasa kwa Python 3.10 inataka 1.22.4 kwenda juu. pip inaona ya mfumo (kwa sababu swichi imewashwa), inaona haitoshi, inashusha 2.2.6 na kuiweka ndani ya env. Panda juu kwenye terminali, utakuta mistari hii:

Found existing installation: numpy 1.21.5
Not uninstalling numpy at /usr/lib/python3/dist-packages, outside environment
Can't uninstall 'numpy'. No files were found to uninstall.

Hiyo siyo hitilafu, ndiyo adabu ya pip: haiondoi kitu kilicho nje ya mazingira yake. Kwa hiyo sasa una numpy mbili. Ya env iko mbele kwenye sys.path, ndiyo inayopakiwa. matplotlib 3.5.1 ya apt imekompailiwa juu ya numpy ya 1, inakutana na ya 2, inakufa.

Njia fupi ni kuizuia pip isipite numpy ya mfumo:

pip list --path /usr/lib/python3/dist-packages --format=freeze | grep -i '^numpy=' > funga.txt
pip uninstall pandas numpy
pip install -c funga.txt pandas

Utapata pandas 2.0.3, ndiyo ya mwisho inayokubali numpy 1.21. Usimwage orodha nzima kwenye funga.txt bila hiyo grep, kuna vifurushi vya Ubuntu vyenye namba za toleo ambazo pip haizielewi.

#21 Kaka_Kamera
Raspberry Pi kuna pacha wa tatizo hili. Kamera yake inaendeshwa na picamera2, inayotegemea libcamera, na libcamera hiyo inakuja kwa apt. Ukiweka picamera2 kwa pip ndani ya venv iliyofungwa unapata "No module named 'libcamera'". Kwa hiyo kwenye OS yao ya Bookworm, iliyotoka Oktoba 2023 na Python 3.11, kila mtu anawasha --system-site-packages. Kisha anafanya pip install opencv-python, inavuta numpy ya 2, na simplejpeg ya apt inalia:

numpy.dtype size changed, may indicate binary incompatibility. Expected 96 from C header, got 88 from PyObject

Pale numpy ya mfumo ni 1.24.2. `pip install "numpy<2"` ndani ya venv inatosha, ila chagua na opencv isiyodai ya 2.

#22 bandoLimekata
Mbona wote mnaongea kama intaneti ni ya bure? wheel (kifurushi kilichokwishakompailiwa) moja ya opencv ni takriban MB 60. torch ya CUDA na maktaba zake inapita GB 2. Venv tano za miradi mitano, kila moja na yake. Kwa wengine swichi hii ni suala la bando kabla ya kuwa suala la usanifu.

#23 bintiKernel
bandoLimekata, pip ina akiba yake ~/.cache/pip, venv ya pili haishushi upya wheel ileile. Diski ndiyo inaliwa, siyo bando. Angalia ukubwa wake kwa `pip cache info`.

#24 bandoLimekata
Mpaka toleo lipande namba moja nyuma ya nukta, unashusha MB 60 zote tena. Lakini nimekuelewa.

#25 Mchora_Ramani
Kwetu wa ramani ni GDAL, maktaba ya kusoma data za ramani. Ukitaka kuiweka kwa pip, toleo la kifurushi hicho cha Python lazima lilingane na libgdal ya mfumo, na numpy iwepo kabla haijakompailiwa:

sudo apt install libgdal-dev
pip install numpy setuptools wheel
pip install --no-build-isolation "GDAL==$(gdal-config --version)"

Ukiacha --no-build-isolation, inakompailiwa kwenye chumba cha pembeni kisicho na numpy. Import ya osgeo inapita vizuri, halafu siku unasoma rasta kuwa safu ya namba ndiyo unaambiwa _gdal_array haipo. Ukichoka na hayo: python3-gdal ya apt na swichi. QGIS nayo vivyo hivyo, moduli zake haziko PyPI kabisa.

#26 KaziNaBash
Kuna njia ya kati hamjaitaja. Acha swichi false, vuta unachotaka tu:

cd env/lib/python3.10/site-packages
ln -s /usr/lib/python3/dist-packages/gi .
ln -s /usr/lib/python3/dist-packages/cairo .
ln -s /usr/lib/python3/dist-packages/PyGObject-*.egg-info .

cairo ni ya python3-cairo, inayovutwa na python3-gi-cairo, iweke kama unachora. Mstari wa mwisho ni muhimu: bila egg-info pip haijui kuwa PyGObject ipo, na kifurushi chochote kinachoidai kitaanza kuikompaili upya. Kwa njia hii numpy ya mfumo haiingii, matplotlib ya mfumo haiingii.

#27 DebianDamu
Hiyo ni funika kombe mwanaharamu apite. Siku apt ikipandisha PyGObject, jina la egg-info linabadilika, kiungo kinabaki kinaning'inia.

#28 KaziNaBash
Ndani ya toleo moja la Ubuntu hubadilika mara ngapi? Na ukipandisha Ubuntu yenyewe hata hiyo swichi yako haikuokoi. 22.04 kwenda 24.04, /usr/bin/python3 inatoka 3.10 kuwa 3.12. env/bin/python3 iliyoundwa kwa `python3 -m venv` ni kiungo cha kwenda huko, inageuka 3.12 yenyewe, na kila ulichokuwa umeweka kimebaki kwenye lib/python3.10 ambako hakuna anayetazama tena.

#29 DebianDamu
Hapo umenikamata.

#30 Chuma_Ulete
Tahadhari kwa mleta uzi: ukishawasha swichi usifanye sudo pip ukiwa ndani ya venv. pip ya venv itafuta vifurushi vya mfumo, Ubuntu yote chini.

#31 bintiKernel
Onyo sahihi, sababu siyo. Kama alivyosema #20, pip ya venv haifuti nje ya env. Shida ya sudo pip ni kwamba sudo inatupa PATH yako na kutumia secure_path yake, kwa hiyo inayokimbia ni /usr/bin/pip, wala si ya venv. Inaweka vitu kwenye /usr/local/lib/python3.10/dist-packages. Debian 12 na Ubuntu za kuanzia 23.04 zingekukatalia kwa externally-managed-environment (PEP 668), lakini 22.04 haina kizuizi hicho. Na folda hiyo ya /usr/local iko mbele ya /usr/lib/python3/dist-packages. Ukiwasha swichi, takataka zote za sudo pip za miaka iliyopita zinaingia nazo.

#32 Mkongojo
Na ~/.local mmeisahau. Swichi ikiwa false, ~/.local/lib/python3.10/site-packages nayo inafungwa. Ikiwa true, inafunguliwa pamoja na mfumo, tena inakaa mbele ya folda zote za mfumo. Watu wanadhani wamefungulia apt, kumbe wamefungulia kila walichowahi kuweka kwa pip install --user. Ya kuifunga:

export PYTHONNOUSERSITE=1

#33 Pweza_Buluu
Nimejaribu upande wa pili wa #20, sitaki pandas ya zamani. `pip install matplotlib` ilisema Requirement already satisfied kwa sababu inaiona ya apt, nikatumia `pip install -U matplotlib`. Grafu za kawaida zinachorwa. Za pande tatu hapana:

UserWarning: Unable to import Axes3D. This may be due to multiple versions of Matplotlib being installed
ValueError: Unknown projection '3d'

Nimeweka PYTHONNOUSERSITE=1, hali ni ileile.

#34 DebianDamu
Sasa una mpl_toolkits ya 3.5.1 ya mfumo ikiita matplotlib mpya ya env. Angalia:

ls /usr/lib/python3/dist-packages/*nspkg.pth

Faili za .pth husomwa Python inapowaka, kabla hujaandika import yoyote. Hiyo ya matplotlib inasajili jina mpl_toolkits mapema na kulielekeza kwenye folda ya mfumo. matplotlib mpya haina faili kama hilo, kwa hiyo hata kama env iko mbele kwenye sys.path, nafasi imeshachukuliwa.

#35 Chuma_Ulete
Mimi naona ni /usr/local ya #31. Mleta uzi aliwahi sudo pip install matplotlib, haki ya Mungu.

#36 Mkongojo
Au PYTHONPATH. Mwenye ROS 2 (programu za roboti) kwenye 22.04 ana `source /opt/ros/humble/setup.bash` ndani ya .bashrc, nayo inajaza PYTHONPATH, na PYTHONPATH hutangulia hata venv. Njia zake ni za /opt, lakini watu huongeza na zao humo humo, kisha wanasahau. Jaribu:

env | grep ^PYTHON
python -I -c "from mpl_toolkits.mplot3d import Axes3D"

-I inapuuza PYTHONPATH na ~/.local kwa pamoja.

#37 Pweza_Buluu
env | grep inatoa PYTHONNOUSERSITE=1 tu. Kwa -I bado inaanguka: cannot import name 'docstring' from 'matplotlib'. mpl_toolkits.__path__ inaonyesha /usr/lib/python3/dist-packages/mpl_toolkits. /usr/local nimeikuta na vitu viwili vitatu, matplotlib haimo.

#38 DebianDamu
.pth. Ondoa python3-matplotlib ya apt, huihitaji tena. Kabla ya hapo tazama itaondoka na nani:

apt-get -s remove python3-matplotlib

#39 Nyundo3
Yaani ili venv yake ifanye kazi inabidi aondoe kitu kwenye mfumo? Na bado tunasema ni mazingira yaliyojitenga. Mradi wa pili kwenye mashine hiyohiyo unaoitegemea ya apt, je?

#40 KaziNaBash
#26 ipo palepale. Viungo vitatu, swichi false, .pth ya mfumo haisomwi kabisa.

#41 Kaka_Kamera
Viungo vitatu kwa gi. Kwa picamera2 jaribu kuvihesabu: libcamera, pykms, simplejpeg, v4l2, piexif na jamaa zao. Kwa GTK uko sahihi, kwa kamera utazeeka.

#42 Jua_Kali_AI
Nadandia kidogo. Kwa wanaotumia uv (mbadala wa pip na venv): `uv venv --system-site-packages` ipo, lakini `uv pip install` na `uv pip list` hazihesabu vya mfumo. Wakati wa kukimbiza programu vinaonekana, wakati wa kusakinisha uv inajifanya havipo na inashusha vyote upya. Na usipotaja Python inaweza kutumia ya kwake iliyojishushia, isiyoijua /usr/lib/python3. Kwa hiyo:

uv venv --python /usr/bin/python3 --system-site-packages

Jetson (bodi ya NVIDIA) ni hivyo pia, tensorrt ya apt iko kwenye dist-packages ya Python ya mfumo, 3.10 kwa JetPack 6. Venv ya toleo jingine haitaigusa.

#43 bandoLimekata
Hiyo uv ndiyo adui yangu rasmi sasa.

#44 bintiKernel
Jambo la pembeni kabla uzi haujazama: kwenye venv yenye swichi, `pip freeze` itakutapikia vifurushi vya Ubuntu nzima, python-apt ikiwemo, na requirements.txt hiyo haitasakinishika popote. Tumia `pip freeze --local`. Na ukiunda venv ukiwa ndani ya venv nyingine kwa swichi hiyo, "mfumo" ni Python ya msingi, siyo venv mama. Vya venv mama havionekani.

DebianDamu, nina shaka moja na #34. Kama .pth ndiyo mchawi, kwa nini `pip install -U` kwenye mashine nyingine za 22.04 zenye python3-matplotlib haileti kilio hiki kila mara?

#45 DebianDamu
Kwa sababu wengi wao hawachori pande tatu, na lile onyo wanalipita. Lakini sijapinga kuwa kuna matoleo ya matplotlib ya pip yaliyokuwa na nspkg.pth yao, na hayo folda yao nayo husajiliwa, tena mapema kuliko ya mfumo.

#46 Pweza_Buluu
apt-get -s inasema vitaondoka vifurushi vinne, kimojawapo nakitumia nje ya mradi. Nimeenda na viungo vya #26 kwa sasa, swichi false, gi na grafu za 3D zinafanya kazi pamoja kwenye 3.10. Ila `pip check` inalalamika pycairo haipo.

#47 KaziNaBash
Link na egg-info ya pycairo. Iko palepale dist-packages.

#48 Nyundo3
Kiungo cha nne hicho. Endeleeni kuhesabu.